London mpaka Cape Town, kwa kupitia Mbeya

Wiki mbili kimya, asaimenti zilinibana kinoma, lakini nipo. Leo siandiki habari za kantini wala foleni ya maji hosteli. Leo ni historia, na kabla hamjafunga ukurasa niwaambie kabisa kwamba ndani yake kuna Mwanza, Tabora, Moshi, Dodoma, Mbeya na Lindi, kwa hiyo wengi mtakuta kipande cha kwenu humu.

Tuanze na leo. Ukipanda ndege London usiku, kesho yake asubuhi uko Cape Town. Umbali ni kama kilometa 9,650, muda ni masaa 11 na nusu hivi mpaka 12, hakuna kusimama popote. Hata saa ya mkononi huisumbui sana, maana safari ni ya kutoka kaskazini kwenda kusini: Cape Town inaitangulia London kwa masaa 2 tu, na Waingereza wakisogeza saa zao wakati wa kiangazi inabaki saa 1. Sasa mimi nikitoka Dar kwenda nyumbani Mbeya kwa basi, kilometa kama 830, nakaa kwenye siti masaa 12 mpaka 14, na foleni ya mizani ikikolea ndiyo usiniulize kabisa. Yaani mtu anavuka bara zima la Afrika, na Ulaya juu yake, kabla mimi sijafika Uyole.

Hilo la basi tulishazoea. Kilichonifanya nikae maktaba siku tatu ni ratiba ya mwaka 1932. Mwaka huo kampuni ya Kiingereza iliyoitwa Imperial Airways ilifungua safari ya ndege ya London mpaka Cape Town. Barua zilianza tarehe 20 Januari 1932, abiria wakaanza tarehe 27 Aprili mwaka huo huo. Muda wa safari kwenye ratiba: siku 11. Na baada ya kuvuka Kenya, ndege ilitua Moshi, halafu Dodoma, halafu MBEYA. Nikarudia kusoma. Mbeya yetu hii hii, kwenye mstari mmoja na Cairo na Khartoum.

Rumeti wangu anasoma uinjinia, na kama mnavyowajua watu wa uinjinia, alichukua kalamu hapo hapo. Njia nzima ilikuwa maili kama 8,000, yaani karibu kilometa 12,900. Ndege za wakati ule, kwa mfano ile de Havilland Hercules yenye injini 3 iliyotumika upande huu wa kusini, zilikwenda kama kilometa 170 kwa saa. Gawanya, unapata masaa 76. Siku 11 ni masaa 264. "Sasa masaa 188 yameenda wapi?" akaniuliza, kama vile mimi ndiye niliyekaa nayo.

Basi bwana, swali hilo ndilo asaimenti yangu ya wiki nzima ambayo hakuna mwalimu aliyenipa.

Sehemu kubwa ya yale masaa ilikuwa chini, ardhini. Kwanza usiku hapakuwa na kuruka. Viwanja havikuwa na taa, njiani hapakuwa na kitu cha kumwongoza rubani gizani, kwa hiyo jua likizama abiria wanashuka, wanaoga, wanakula, wanalala kitandani kama watu. Pili, kulikuwa na treni katikati ya safari ya ndege! Abiria alitoka Croydon, kile kiwanja cha zamani cha London, akaruka mpaka Paris, pale akapanda treni mpaka Brindisi kusini kabisa mwa Italia. Kutoka Brindisi ni ndege ya kutua majini kuvuka Mediterania, kisha treni tena ya Alexandria mpaka Cairo. Ndege zenyewe zilibadilishwa njiani mara kadhaa: moja ya bahari, nyingine ya jangwani, nyingine ya kutua kwenye mto Nile na Ziwa Victoria mpaka Kisumu, halafu za magurudumu kutoka huko kwenda kusini. Ni kama kubadilisha daladala, ila na masanduku ya ngozi.

Tatu ni mafuta. Ndege ilikuwa haiwezi kwenda mbali bila kujaza, ndiyo maana orodha ya vituo ni ndefu kama mistari ya kitabu cha Mambo ya Nyakati: Wadi Halfa, Khartoum, Kosti, Malakal, Juba, Port Bell, Kisumu, Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, Mpika, Broken Hill (ndiyo Kabwe ya leo), Salisbury (Harare), Bulawayo, Johannesburg, Kimberley, na bado hujafika.

Nne ni jua letu hili. Hapa rumeti alifurahi maana ni fizikia. Hewa ikipata joto inakuwa nyepesi, na mahali palipo juu hewa ni nyepesi tayari. Nairobi, Mbeya na Johannesburg zote ziko juu mita 1,600 na zaidi. Ndege yenye injini dhaifu, imebeba barua, abiria na mafuta, ukiirusha saa nane mchana mahali kama hapo inakimbia uwanja mzima na bado inasitasita. Kwa hiyo dawa ilikuwa kuamka alfajiri, kuruka mapema, na kuwa umetua kabla mchana haujawa mkali. Masaa ya kazi ya ndege kwa siku yakawa machache.

Ndiyo hesabu hiyo. Anga ilichukua masaa 76, zilizobaki zilikuwa za chini: vitanda, treni, mafuta na kusubiri. Na bado abiria alishukuru, kwa sababu meli ya barua ya Union-Castle kutoka Southampton mpaka Cape Town ilikuwa inachukua kama siku 17 miaka ile.

Lakini kuna kitu kilinisumbua zaidi ya masaa. Chukueni tufe, lile la chumba cha jiografia, na uzi. Weka ncha moja London, nyingine Cape Town, vuta uzi mpaka ukaze. Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote. Uzi unapita Ufaransa, Algeria, Niger, Nigeria, unashuka upande wa Gabon na Angola. Tanzania hauigusi. Hata karibu haufiki! Kwa hiyo Mbeya haikuwa "njiani" kwa maana ya jiografia. Kwa kutupitia sisi njia iliongezeka zaidi ya kilometa 3,000.

Sasa kwa nini watu wenye haraka wazunguke hivyo? Ukipaka rangi ramani ya 1932 unapata jibu bila kufungua kitabu. Misri ambako Waingereza walikuwa na jeshi lao, Sudan, Uganda, Kenya, Tanganyika, Rhodesia mbili, Afrika Kusini. Kote huko bendera ni moja au mkono ni mmoja. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza mnyororo huo ulikuwa umekatika katikati, na pengo lenyewe lilikuwa sisi, koloni la Mjerumani. Vita vilipoisha Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, pengo likazibwa. Ndege zikafuata himaya, zikaacha uzi.

Na ushahidi kwamba uzi ulijulikana upo. Novemba mwaka ule ule wa 1932, rubani mwanamke Amy Johnson alitoka Uingereza peke yake na kindege chake kidogo, akapita upande wa magharibi, akafika Cape Town kwa siku 4, masaa 6 na dakika 54. Mwaka MMOJA na ule ambao abiria wa ratiba aliambiwa siku 11. Februari 1939 jamaa mwingine, Alex Henshaw, akatumia masaa 39 na dakika 23 kupitia Oran, Gao, Libreville na Mossamedes. Ni kweli hao hawakulala kitandani wala hawakubeba magunia ya barua, lakini angalieni walikopita. Aliyetaka kuwahi alipita magharibi. Aliyetaka kuonyesha kwamba nchi hizi zote ni zake alipita kwetu.

Turudi nyuma kidogo, maana viwanja havikuota vyenyewe. Mwaka 1919 jeshi la anga la Uingereza lilituma vikosi kupima njia ya Cairo mpaka Cape na kutayarisha viwanja. Kwenye karatasi ni mistari miwili. Ardhini ni kung'oa miti, kusawazisha, na kuvunja vichuguu. Aliyewahi kuvunja kichuguu kimoja shambani kwa jembe anajua shughuli yake. Kule Ndola mamia ya vibarua walifanya kazi hiyo kwa miezi. Historia nyingi za usafiri wa anga zinamsifu rubani kwa kurasa 20, na aliyemtengenezea mahali pa kutua anapewa nusu sentensi, "local labour" basi. Mimi naona umbali kati ya London na Cape Town ulianza kufupishwa na wale watu wa majembe, ambao hakuna hata mmoja aliyekatiwa tiketi.

Mwaka 1920 zikaja ndege za kwanza kujaribu njia yenyewe. Gazeti la The Times lilidhamini moja, aina ya Vickers Vimy, iliyotoka Uingereza tarehe 24 Januari ikiwa na mtaalamu wa wanyama Peter Chalmers Mitchell ndani yake. Ilijikokota na injini mbovu mpaka TABORA, na hapo tarehe 27 Februari ikaanguka wakati wa kuruka. Watu wakapona, ndege ikaishia hapo. Watu wa Tabora, mna historia na hamtuambii!

Waliofika ni Pierre van Ryneveld na Quintin Brand wa Afrika Kusini. Waliondoka tarehe 4 Februari 1920 wakafika Cape Town tarehe 20 Machi. Siku 45. Ndege ya kwanza waliivunja Korosko, Misri. Ya pili wakaivunja Bulawayo. Ya tatu ndiyo ikawafikisha. Ukijumlisha muda wa angani tu ni masaa 109 na nusu, chini ya siku 5. Mnaona? Hesabu ile ile ya rumeti, ila hapa ardhi imekula siku 40.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Alan Cobham. Aliondoka London tarehe 16 Novemba 1925 kuchunguza njia hii, akafika Cape Town tarehe 17 Februari 1926. Miezi mitatu. Wakati wa kurudi akageuka akaruka kama mtu aliyesahau jiko linawaka: tarehe 26 Februari aliondoka, tarehe 13 Machi yuko Croydon. Siku 15. Rubani yule yule, ndege ile ile. Kwenda alikuwa anakagua viwanja na kuzungumza na wakubwa kila anapotua, kurudi alikuwa anarudi tu. Kwa hiyo mtu akikuuliza "London mpaka Cape Town ni muda gani" mwaka 1926, jibu lingekuwa: kwa nani?

Mwanza nao wana zamu yao. Tarehe 28 Februari 1931 ndege ya kwanza ya ratiba kuja upande wetu iliondoka Croydon, na mwisho wa njia ulikuwa Mwanza. Kwa muda huo, kwenye tangazo la kampuni kubwa ya ndege ya London, mstari wa Afrika uliishia kwa Wasukuma. Haukudumu hata mwaka. Januari 1932 njia ilipovutwa mpaka Cape Town ikakata kutoka Kisumu kwenda Nairobi, Mwanza ikaachwa pembeni.

Na huo ndio mtindo nilioanza kuuona kila ninapofungua ukurasa. Kila safari ilipofupishwa, kuna mji ulishushwa. Mwaka 1937 Imperial Airways walileta ndege kubwa mpya za kutua majini, injini 4, abiria 24, mwendo zaidi ya kilometa 250 kwa saa. Bahari na ziwa hazihitaji kuvunjwa vichuguu. Njia ikahama kwenda pwani: Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, Mozambique, Beira, Lourenço Marques, mwisho Durban. Safari ya siku 11 ikawa chini ya wiki. Moshi, Dodoma na Mbeya zikatoka kwenye njia kuu baada ya miaka 5 tu. Lindi ikaingia! Fikirini dege lenye vyumba viwili vya ghorofa linashuka kwenye maji ya Lindi, wavuvi wanaangalia. Na kichekesho ni kwamba hata Cape Town yenyewe, mwenye safari, ilishushwa: abiria wake ilibidi amalizie kwa ndege za Afrika Kusini.

Vita vya pili sitaviongelea sana. Italia ilipoingia vitani Juni 1940 Mediterania ikafungwa, zile ndege za majini zikawa zinazunguka Durban, Cairo mpaka Sydney, na London ikabaki nje ya njia yake yenyewe.

Halafu tarehe 2 Mei 1952 ikaja jeti. Safari ya kwanza duniani ya kulipia kwa ndege ya jeti haikwenda New York. Ilikuwa London mpaka Johannesburg, ndege aina ya Comet, abiria 36, vituo Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, jumla chini ya masaa 24. Tanganyika inaonekana dirishani tu sasa, kwa mbali chini. Comet yenyewe ilikuja na msiba: ndege ile ile iliyofungua safari hiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954 na kuua watu wote 35, na Aprili nyingine ikaanguka karibu na Naples, 21 wakafa. Chuma cha mwili wake kilikuwa kinachoka kwa kujazwa na kupunguzwa hewa kila safari. Ilibidi waizamishe moja kwenye tangi la maji kule Farnborough na kuipa presha tena na tena mpaka ipasuke, ndipo wakaelewa.

Mpaka hapo mnaweza kudhani hadithi ni ya injini kuwa nzuri na muda kupungua. Sasa sikilizeni ya 1963, maana hapa muda ULIONGEZEKA.

Mei 1963 nchi huru za Afrika zilikutana Addis Ababa na kuunda OAU, na moja ya mambo waliyokubaliana ni kuwabana makaburu, pamoja na kuwafungia anga. Kufikia Agosti mwaka ule South African Airways walikuwa hawawezi tena kupita juu ya nchi nyingi za Afrika kwenda Ulaya. Ndege zao za jeti, za kisasa kabisa, zikaanza kuzunguka tumbo la Afrika Magharibi juu ya bahari, na baadaye kujaza mafuta kisiwa cha Sal, Cape Verde. Wakati huo huo ndege za Waingereza ziliendelea kupita katikati kama kawaida. Kwa hiyo miji miwili ile ile ilikuwa na umbali wa aina mbili, kutegemea rangi iliyopakwa mkiani. Makaburu walilipia kuzunguka huko kwa mafuta na masaa kwa zaidi ya miaka 25, mpaka anga zilipoanza kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walinunua hadi ndege maalum za masafa marefu, Boeing 747SP, ambayo Machi 1976 mojawapo ilitoka kiwandani Marekani ikaenda Cape Town bila kutua, kilometa 16,560, masaa 17 na dakika 22. Rekodi nzuri, sikatai. Ila jueni ni watu waliofungiwa mlango ndio waliohitaji ndege ya namna hiyo.

Nilipomwonyesha rumeti hili alikaa kimya kidogo, halafu akasema basi kwenye fomula yake aongeze herufi ya siasa. Nikamwambia aongeze na ya jembe.

Kwetu Mbeya kile kiwanja cha zamani cha mjini kilibaki na vindege vidogo, mpaka Desemba 2012 ulipofunguliwa uwanja wa Songwe nje ya mji. Jeti zinatua, watu wanasafiri, hatulalamiki. Lakini mwaka 1932 ndege ikitoka Mbeya ilikuwa inaelekea moja kwa moja kusini, Mpika, Broken Hill, na kuendelea. Leo Mnyakyusa akitaka kwenda Cape Town, Songwe anapanda ndege ya kumrudisha Dar kwanza.

Haya wadau, ni saa tano usiku, Jumatatu tuna testi na desa sijagusa. Naelekea kimbweta. Watu wa Lindi, kama kuna babu au bibi aliyewahi kuhadithiwa habari za yale madege ya majini, nitafuteni, soda juu yangu.